Tanga imeanguka, na aliyeiangusha ni mimi: siku yangu kwenye kampuni ya vijisanamu vya vita, Nottingham

Wa_Ngamiani
Wakuu, kwema? Uzi huu ni mrefu, nitaushusha kwa vipande maana niko zamu ya usiku.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Sasa hivi nabangaiza Leicester, Uingereza, mwaka wa nne huu. Kazini nina swahiba mmoja Mhindi. Baba yake alizaliwa Jinja, wakafukuzwa na Amin mwaka 1972 wakaja kuangukia hapa. Bibi yake bado yuko hai na Kiswahili chake cha dukani hakijapotea: lete, weka, bei gani, pamoja na matusi mawili ambayo nikiyaandika hapa wasimamizi watanipiga ban.

Huyu swahiba ana ugonjwa. Anakusanya vijisanamu vya wanajeshi. Vina urefu wa milimita 28 kutoka unyayo mpaka machoni, na hawapimi mpaka utosini kwa sababu kofia zinadanganya. Anavinunua havina rangi, anavipaka mwenyewe kwa brashi nyembamba kama ya wanja, kisha anavipanga mezani na kupigana na mwenzake kwa dadu na tepu ya fundi. Ana miaka 41, ana mke, ana mkopo wa nyumba.

Mwezi uliopita kanifuata kwenye chai. Kuna kampuni ndogo Nottingham inayotengeneza vitu hivyo, Jumamosi wanafungua milango, watu waingie kiwandani waone kazi na wacheze. Nikamwambia Jumamosi ni siku yangu ya kufua. Akasema, "Njoo, kuna meza ya kwenu."

Kwetu wapi?

"Tanga. 1914."

Nguo sikufua.

Fundi_Keko
Nimeweka kambi. Mkuu usiishie njiani kama wale wa "itaendelea" halafu anapotea miaka miwili.

Kamanda_Kipensi
Mwanaume wa miaka 41 na midoli. Wazungu wameshiba hawa.

BintiLindi
Kamanda, wewe wiki iliyopita ulikesha humu ukipanga kikosi cha Simba kwa emoji. Tuliza boli.

Mwenye uzi, tiririka.

Wa_Ngamiani
Haya, kipande cha pili.

Kutoka Leicester mpaka Nottingham ni nusu saa tu kwa treni. Njia nzima swahiba ananipa darasa. Kumbe Nottingham kwa mambo haya ni kama Keko kwa makabati: kampuni zimerundikana mji mmoja. Wenyewe wanapaita Ukanda wa Risasi. Nikauliza, risasi za bunduki? Hapana, risasi ile ya kuyeyusha, maana vijisanamu vya zamani vilisubiwa kwa risasi. Nikamwambia kwa Kiswahili zote mbili ni neno moja, hata usihangaike kutofautisha. Alicheka mpaka konda akatuangalia.

Aliyewavuta wote kwenda huko ni Games Workshop, wale wa Warhammer. Walianza London mwaka 1975, vijana watatu wakiuza mbao za michezo. Mchezo wenyewe wa Warhammer ukatoka 1983. Leo makao makuu yako Nottingham, mtaa wa Lenton, na Desemba 2024 waliingia kwenye orodha ya FTSE 100, yaani makampuni mia makubwa kabisa ya soko la hisa la London. Mabenki, mafuta, dawa, halafu hao wauza vijisanamu. Kamanda, midoli hiyo.

Tulipita hapo kwanza. Nje kuna sanamu kubwa la askari wao wa angani, bega moja tu kama gunia la mkaa. Ndani kuna maonyesho ya kulipia, kabati baada ya kabati, vita vizima vimejengwa kwa vidude vya kidole. Kuna na baa yenye jina la mbilikimo mmoja wa hadithi zao. Nilikunywa chai, nikaona bei ya boksi la askari kumi: zaidi ya pauni thelathini. Nikarudisha boksi kabatini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Wengi wa wenye kampuni ndogo za pale walipita kwanza kwa huyo mkubwa, wakajifunza kazi, wakatoka kufungua vyao. Mmoja wa waanzilishi wa Warlord Games ya mwaka 2007 alikuwa huko, na mapacha Alan na Michael Perry vilevile. Huyu Michael, sikilizeni, mwaka 1996 alikuwa kwenye maigizo ya vita huko Ufaransa, mzinga ukamlipukia, akapoteza mkono wa kulia. Mchongaji! Akaanza upya kuchonga kwa kushoto, na mpaka leo anachonga. Mimi nilikatwa kidogo na kisu cha mkate nikachukua likizo ya siku mbili.

Hiyo kampuni tuliyoendea siitaji, nisionekane natangaza biashara. Ni banda tu kwenye eneo la viwanda, huku fundi magari, kule duka la vigae. Nilitegemea vijana. Wapi! Ni wazee watupu, wenye ndevu nyeupe, sweta na mifuko ya mgongoni, foleni mpaka nje saa nne kasoro. Mimi nilikuwa mweusi peke yangu, na swahiba ndiye aliyekuwa anakaribia.

Mlangoni kuna meza ya mitumba. Nawaambia ukweli, mitumba kabisa. Watu wanaleta majeshi waliyoyachoka wanauza kwa bei ya kutupa, na wengine wanachambua kwa vidole viwili vilevile kama akina mama wa Karume wanavyochambua blauzi. Swahiba aligandia hapo dakika arobaini.

Fundi_Keko
Ruka ndevu, nenda kwenye kazi. Wanasubu vipi? Kalibu ni ya mchanga?

Wa_Ngamiani
@Fundi_Keko nilijua utauliza, nilikuwa nakuwaza wewe.

Mchanga hawatumii. Kalibu ni mpira. Chukua chapati mbili nene za mpira mbichi, katikati panga vijisanamu vya mfano kwa duara, halafu zibane kwenye mashine yenye moto mpaka mpira uive na kukaza kama tairi. Ukizitenganisha kila chapati imebaki na nusu ya alama ya kila kijisanamu. Kisha wanachonga vijia vya kupitisha madini kutoka katikati kwenda pembeni.

Siku ya kusubu, chapati zinapakwa poda, ile ile ya watoto, zinafunikwa na kuwekwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Fundi anamimina madini kwenye tundu la katikati, mzunguko unayasukuma pembeni mpaka kwenye ncha ya bunduki na pua ya mtu. Anasubiri kidogo, anafungua, na pale ndani kuna ua la fedha: watu kumi na kitu wameshikana miguu. Anawakata, mabaki yote yanarudi sufuriani. Hakuna kinachotupwa.

Madini yenyewe siku hizi mengi ni bati na vichanganyio. Yanayeyuka kabla ya nyuzi 300, ndiyo maana mpira unavumilia.

Fundi_Keko
Sasa nimeelewa. Sisi tunaosubu sufuria za alumini hatuwezi mpira, alumini inataka nyuzi 660, mpira ungekuwa moshi. Lakini hiyo ya kuzungusha ni akili. Kwenye mchanga wetu ncha nyembamba hazijai kamwe, unatoa sufuria halina sikio.

Na yule wa mfano anachongwa kwa nini? Mti?

Wa_Ngamiani
Kuna udongo fulani wa gundi, vipande viwili, njano na buluu. Ukivikanda pamoja vinakuwa kijani, na una saa moja au mbili kabla haujawa jiwe. Bibi mmoja alikuwa amekaa kona na sindano na miwani ya sonara, anatengeneza vifungo vya koti. Vifungo! Vijana wengi sasa wanachongea kwenye kompyuta na kuchapa kwa printa, lakini yeye alisema kwa sauti ya mama mkwe kwamba kompyuta haina vidole.

Na plastiki ni habari nyingine. Kule kalibu ni ya chuma, inakula maelfu mengi ya pauni kabla hujatoa kijisanamu hata kimoja. Ndiyo maana wadogo wanabaki na bati, na wenye plastiki wanalazimika kuuza kwa wingi. Boksi la plastiki la vita vya kihistoria, watu 36 mpaka 40, ni pauni ishirini na ushee. Linganisheni na lile boksi la kumi.

Sasa aibu yangu. Mezani palikuwa na jeshi la mzee mmoja, Wafaransa wa Napoleon, kazi ya miaka. Nikanyanyua mmoja niangalie sura. Nimemshika kwenye bunduki. Singe ikabaki mkononi mwangu, askari akaanguka. Banda zima nilihisi limekaa kimya, ingawa swahiba anasema hakuna aliyeona. Mwenyewe aliona. Akaniambia kwa upole ambao ni mbaya kuliko kutukanwa: "Shika kitako, rafiki. Siku zote kitako." Akatoa gundi mfukoni. Wanatembea na gundi mfukoni, hawa watu.

Kamanda_Kipensi
"Siku zote kitako." Huu ushauri nauhifadhi.

BintiLindi
Kamanda toka nje.

OtishWaEasich
Maze hii story ni moto. Sisi huku Kenya hiyo vita tunaijua kwa side ya Taita Taveta, kuna Salaita Hill, wageni wanakuja kutembezwa mahandaki ya 1916. Wenyeji wengi hawajawahi kupanda hicho kilima. Buda endelea, meza ya Tanga iko wapi?

Wa_Ngamiani
Sasa meza.

Futi sita kwa nne. Upande mmoja bahari, rangi ya buluu iliyomwagiwa gundi ya kung'aa. Meli za kadibodi. Halafu Ras Kasone. Wakuu, niliiona kabla sijasoma kibao. Ule mdomo wa ardhi unavyoingia majini, nimeogelea pale utoto mzima. Vichaka vya sponji, mashamba ya mpira, mkonge wa plastiki umesimama kwa mistari, reli inapita kwenye bonde lake kabla ya mji, nyumba nyeupe za mabati. Mtu ambaye hajawahi kufika Afrika ameijenga Tanga yangu kwenye meza ya kupakia rangi. Nilisimama kama mtu aliyekutana na picha ya mama yake kwenye nyumba ya wageni.

Mwenye meza ni mwalimu mstaafu. Akauliza kama najua vita hivi. Nikamwambia mimi ni wa huko. Kumbe nimejipalia makaa, maana akafurahi, akaanza kuniuliza. Kikosi gani kilikuwa kulia kwa reli? Mahindi yalikuwa yamefika kimo gani mwezi wa Novemba? Mimi ninachojua ni nyuki walioshambulia askari siku ile. Bibi yangu alisimulia kwamba wale nyuki walitumwa na wazee. Basi. Shule ya msingi nilisoma Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kwa mstari mmoja na nusu.

Yeye ndiye aliyenisimulia kwetu. Tarehe 2 Novemba 1914 meli ya kivita HMS Fox ikatia nanga, kapteni akampa mkuu wa wilaya Mjerumani saa moja asalimishe mji. Yule akasema ngoja nikawaulize wakubwa, akaondoka, akavaa sare akarudi kupigana. Waingereza wakashusha askari 8,000, wengi wao kutoka India, wakiwa wamechoka na bahari, wengine hawajawahi kupigana. Wajerumani walikuwa kama elfu moja, wengi wao askari weusi, na wengine waliletwa mbiombio kwa treni ya Usambara kutoka Moshi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow alizunguka mji mtupu kwa baiskeli kukagua.

Na mezani yupo! Kijisanamu cha Mjerumani juu ya baiskeli. Nikamwambia mwalimu, kwetu watu wote tunataniwa kwa baiskeli, Mtanga bila baiskeli ni mgeni. Akaandika kwenye daftari. Namaanisha hivyo, alitoa daftari akaandika.

MzeeChumbageni
Mwanangu Wa_Ngamiani, leo umenitoa mafichoni, mimi huwa nasoma tu.

Huyo mwalimu kakwambia kweli, lakini kasahau kukwambia nani alikufa siku hiyo tarehe 4. Tom von Prince. Yule aliyepigana na Mkwawa miaka ya tisini ya karne ile, wenyeji wakamwita Bwana Sakarani. Alistaafu akawa na shamba Usambara. Ninyi mkienda Lushoto mnapita Sakharani mnanunua divai ya watawa, mnadhani ni jina la mtakatifu.

Na hao waliokuja na meli, tarehe 5 walikuwa wamepanda meli tena, wameacha nyuma mashine gani (bunduki za rasharasha) 16, bunduki za kawaida mamia na risasi laki kadhaa. Tanga waja leo waondoka leo, msemo umewaenea kuliko mtu mwingine yeyote.

Wa_Ngamiani
Shikamoo mzee. Hilo la Sakharani nimelinywa mara ngapi bila kujua!

Tuendelee. Mchezo ni wa watu wawili, saa mbili na nusu. Swahiba kaniwahi: "Mimi nachukua askari." Nikamwambia ukome, huwezi kunipora mji wangu mbele ya macho yangu. Basi yeye akapewa Wahindi. Akalalamika kwamba ukoo wake ni Wagujarati waliokuwa wanauza vitambaa, hawana habari na Marajput wala watu wa Kashmir. Mwalimu akamwambia hata hao Wakashmiri hawakuwa na habari na Tanga.

Mimi nikajiona jemadari. Nina askari wangu wa kaki kwenye bonde la reli, nina mashine gani mbili. Kila kikosi kikipiga kinawekewa pamba nyeupe mbele, maana wengi walikuwa na bunduki za mwaka 1871 zenye baruti ya moshi, ukipiga adui anakuona ulipo. Unahesabu inchi kwa tepu, unarusha dadu, nne au zaidi umepata.

Halafu nyuki. Kanuni ni hii: yeyote akipiga risasi kupitia kichakani, anarusha dadu moja. Ikitoka moja, nyuki wameamka. Wanawekwa mezani, pamba ya njano kwenye waya, na kila aliye ndani ya inchi sita anakimbia.

Nikapiga mashine gani. Moja. Nyuki kwa Wahindi. Swahiba vikosi viwili vimetoka mbio mpaka ufukweni. Nikaruka, nikapiga kelele za uwanja wa Mkwakwani, wazee wa Napoleon wakageuka.

Zamu iliyofuata nikapiga tena, kiburi. Moja.

Na nyuki hawana upande. Safari hii walikuwa mgongoni kwangu. Mashine gani yangu imebaki peke yake, wenyewe wako njia ya Pangani. Swahiba akapitisha Wakashmiri wake katikati ya mahindi, wakavuka reli, wakaingia forodhani. Kwenye historia ya kweli pia waliingia, wakafika mpaka kwenye hoteli ya Kijerumani, lakini wakarudishwa. Mimi sikuwa na wa kuwarudisha.

Saa tisa na dakika ishirini mchana, Tanga ikaanguka.

Kamanda_Kipensi
😂😂😂😂 Yaani historia nzima ya dunia Tanga haikuanguka siku ile mpaka alipoletwa mwenyeji.

MzeeChumbageni
Hii ni aibu ya mkoa. Usirudi.

OtishWaEasich
Wakenya tunakuonea huruma bro, na sisi tulikuwa side ya hao wengine.

MzeeChumbageni
Lakini nikuulize, mwanangu, bila utani. Umesema "askari wangu", "mji wangu". Wale askari wengi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na Wasudani walioletwa na Wissmann, kamanda wa Kijerumani wa mwanzo. Walikuwa wanakula mshahara wa Kaizari. Miaka michache nyuma jeshi hilohilo lilikuwa linachoma mashamba kusini. Wenyeji wa Tanga nadhani walifanya ambacho mimi na wewe tungefanya, walibeba watoto wakakimbia. Wewe ulikuwa upande wa nani?

BintiLindi
Asante mzee. Mimi nilikuwa naisubiri hiyo ya kusini. Wa_Ngamiani, huko kwenye mabanda yao kuna meza ya Maji Maji?

Wa_Ngamiani
@BintiLindi sikuiona. Wapo ruga-ruga, wale wapiganaji wa kukodiwa, na Wazanzibari wa karne ya 19, kampuni inaitwa Wargames Foundry, na Wazulu wa plastiki wa Warlord kwa vita vya 1879. Maji Maji sikuiona mahali.

Mzee, hilo swali lako lilinipata palepale mezani, ila kwa njia ya kadi.

Kila kikosi kina kadi yake. Baada ya kipigo nikawa nazikusanya kumrudishia mwalimu. Kadi za maofisa zina majina: Lettow yuko pale, huyo Prince wako yuko pale, upande wa pili yuko jenerali Aitken. Kadi za swahiba zimeandikwa jina la kikosi na namba. Zangu zimeandikwa "Askari, kombania ya uwanja", basi. Nikampa swahiba, akasoma, akanipa zake nikasoma. Hatukusema kitu. Akarudisha dadu kwenye kopo.

Halafu nikamuuliza mwalimu, wapagazi wako wapi? Maana chakula, risasi, na hizo mashine gani zilikuwa zinatembea kwa vichwa vya watu. Upande wa Waingereza pekee, mpaka vita inaisha 1918, waliokufa wanakaribia laki moja, wengi kwa njaa na kuhara. Kariakoo tunayonunulia viatu imebeba jina lao, Carrier Corps. Nyuki wana kanuni nusu ukurasa. Wapagazi hawana hata mstari.

Akasema mchezo ni wa siku moja ya mapigano, wapagazi hawabadilishi matokeo. Nikamwambia sawa, lakini ukiweka bunduki mezani mtu ameibeba. Akawaza. Mzee huyu simlaumu, wakuu. Anajua mengi juu ya mji wangu kuliko mimi na hakuficha kitu. Akasema angewaweka, ila ukiweka watu mezani lazima uwape kazi, la sivyo wanakuwa mapambo. Akanipa daftari lake niandike kanuni.

Mimi! Ambaye nimeangusha Tanga.

Nikaandika moja, kwa penseli: kikosi kisicho na wapagazi ndani ya inchi nane, zamu inayofuata hakipigi risasi. Akaisoma mara mbili. Akasema, "Hii ingekusumbua sana." Nikamwambia ndiyo.

Fundi_Keko
Hapo umemaliza. Sasa mezani kuwe na wapagazi wa kweli. Ulinunua?

Wa_Ngamiani
Nilirudi kwenye mitumba. Chini ya boksi la majeshi ya Warumi kulikuwa na mfuko wa nailoni, wapagazi wanane wa bati, mmoja hana mzigo, umevunjika. Pauni sita. Nikaomba ipungue, muuzaji akashangaa kidogo lakini akaacha tano. Swahiba alijifanya hanijui.

Nimewapaka wiki mbili hizi. Ngozi ni ngumu wakuu. Chupa zao za rangi ya ngozi ya Mwafrika zinatoa mtu mmoja mwenye rangi ya kiatu. Nilichanganya mwenyewe, nikiangalia mkono wangu. Macho nimeyashindwa, wote wanane wanaonekana wameona nyoka.

Jumapili iliyopita tukarudiana, nyumbani kwa bibi yake swahiba, kwenye meza ya chakula, shuka la kijani, vikombe vya chai kuwa vilima. Na kanuni ya wapagazi. Safari hii Tanga haikuanguka, ila haikushinda pia, sote tulikaa zamu nne nzima tunasogeza wapagazi huku na huku na hakuna aliyepiga risasi. Swahiba anasema ni mchezo mbovu kuliko yote aliyowahi kucheza.

BintiLindi
Uzi bila picha ni stori za jaba. Weka wapagazi walioona nyoka.

Wa_Ngamiani
Simu inakataa kupakia, nitajaribu asubuhi nikitoka.

Ila nisisahau bibi. Alikuja na sahani ya kachori katikati ya vita, akasimama akaiangalia ile Tanga. Akauliza hawa nani, tukamwambia. Hawa wa pamba ya njano? Nyuki, bibi. Akasema wakubwa mno. Akaendelea kuangalia, forodha, reli, nyumba. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, mimi siyo mjukuu wake:

"Duka wapi?"

Nikamwambia hakuna duka, bibi, ni vita.

"Mji gani hakuna duka? Hao askari nakula nini?"

Kaka, swahiba sasa anajenga duka kwa kiberiti na vijiti vya aiskrimu. Lina rafu. Anataka na mizani. Kilichobaki ni kibao cha mbele, tunabishana kiandikwe nini, na bibi amekataa majina yote tuliyompelekea mpaka sasa. Wenye mapendekezo leteni, bora liwe fupi, ubao wenyewe ni upana wa ukucha.